Mtoto wa Mnywanyi wa Baba

Baba yangu alikuwa na kovu dogo chini ya kitovu, refu kama punje ya mpunga. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni alama ya upele. Siku moja mama akatuambia, huku akicheka, kwamba hapo ndipo baba yenu alipoliwa na mwanaume mwenzake.

Ilikuwa hivi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Warundi, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu Munanila, aliishi mtu mwenye kovu kama lile. Kabla sijazaliwa, baba alikwenda huko kutafuta ng'ombe, akaanguka njiani na homa, na mtu yule akamlaza kwake msimu mzima. Alipopona wakanywana. Kila mmoja alichanjwa tumboni, damu ikadondoshwa kwenye unga wa mtama, na kila mmoja akala damu ya mwenzake. Mtu wa namna hiyo kwetu huitwa mnywanyi. Ndugu wa tumbo moja mnaweza kugombania mpaka wa shamba hadi mkang'oana meno, lakini mnywanyi humkani, wala mtoto wake humkani. Ukimkana, damu uliyokula inavimba ndani yako mpaka inakupasua. Na liko sharti jingine, zito kuliko hilo. Yeyote aliye ndani ya kiapo, mtu mwenyewe au mtoto wake, akimwaga damu ya asiye na kosa, asimsimulie mwenzake, asile naye chungu kimoja, wala asipokee mate yake ya baraka. Akifanya hivyo anamgawia kosa lake, na wote wawili wanalibeba.

Padri alisema huo ni upagani mtupu. Baba alikuwa Mkristo wa kweli, hakukosa misa, na kila Jumapili alipiga magoti akiwa na tumbo lake lile lile. Mimi nilikuwa nimesoma katekisimu na nilikuwa na ulimi. Nilimwambia Mungu hawezi kushindwa na unga wa mtama. Baba akanijibu, "Mungu simwogopi kwa jambo hili, mwanangu. Naogopa tumbo langu."

Mwaka wa sabini na mbili yule mnywanyi aliuawa.

Tuliona kwanza moshi, kilima baada ya kilima, tukadhani wenzetu wanachoma mashamba. Kisha watu wakaanza kushuka na kupanda kuja kwetu, wengine na mikeka kichwani, wengine hawana hata nguo. Mwanamke mmoja alipita mbele ya nyumba yetu akiwa amembeba mtoto mgongoni, na mama alipomfungulia mbeleko ili ampe mtoto maji, tukakuta mtoto amekufa zamani. Mwanamke akaifunga tena mbeleko, akaendelea na safari. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mpaka leo nikiona mbeleko imefungwa vizuri sana huwa naogopa.

Kijana wa mnywanyi alitufikia baada ya wengi kupita. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja. Alikuwa amekatwa panga kutoka nyuma ya sikio hadi begani, na kidonda kilikuwa na funza. Mama alimkalisha kwenye kigoda akamwosha kwa maji ya chumvi. Hakulia. Aliuma kipande cha kuni mpaka jino likakatika, akalitema kando ya mguu wake, akaendelea kuuma.

Alitusimulia huku anaoshwa. Askari walikuja kwao mchana. Hawakuvunja mlango, walimwita baba yake kwa adabu, wakasema wanamhitaji kidogo tu. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba akifukia ndizi shimoni ziive kwa ajili ya pombe, akajilaza humo juu ya ndizi na kujifunika majani. Wanaume wa kilima kile walifungwa mikono kwa kamba za migomba, wakalazwa kifudifudi, wakapigwa visogoni kwa nyundo na vitako vya bunduki. Risasi zilikuwa zinatunzwa. Alisema sauti yake ilikuwa kama ya kupasua maboga, na kwamba mwenye nyundo alipochoka alimpa mwenzake na kukaa kivulini kujifuta jasho. Yeye mwenyewe alikatwa baadaye, kijitoni, na mmoja aliyebaki nyuma akikojoa.

Aliyewaongoza askari wale alikuwa kijana wa kilima hicho hicho. Alipokuwa anaondoka kwenda jeshini, mnywanyi wa baba ndiye aliyemchinjia mbuzi wa kumuaga.

"Alikwenda jeshini kwa nini?" nikamuuliza. Mama alinikata jicho, lakini mimi nilitaka kujua.

"Alitaka viatu," akasema. "Kwao walikuwa maskini sana. Alitaka viatu."

Jibu lile lilinikasirisha. Nilitaka aniambie kwamba mtu yule alikuwa na pepo, au alizaliwa na meno, kitu chochote ambacho sisi hatukuwa nacho. Viatu hata mimi nilivitaka.

Baba alimpa maziwa, akatuita wote, akasema, "Huyu ni kaka yenu. Atakayemwita mkimbizi nitamvunja mdomo." Wakimbizi wengine walichukuliwa kupelekwa makambini. Wakubwa walipouliza, baba alisema watoto wote wa nyumba ile ni wake, na mwenyekiti, ambaye alikuwa anaijua habari ya kovu, akatazama pembeni.

Hivyo nikapata kaka. Alikuwa mtaratibu, mkulima hodari kuliko sisi, na fundi wa kuita ng'ombe kwa kuwaimbia. Mimi na hasira zangu alinitania kila siku. Alisema nikifa watachimba makaburi mawili, moja langu na moja la mdomo wangu. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu wengine watakaosoma haya watafikiri nilimchukia.

Halafu ukaja mwaka wa vijiji. Tuliambiwa tuache migomba yetu ya mlimani tuhamie kwenye viwanja vilivyopimwa kando ya barabara. Baba hakukataa, aliomba tu avune maharage kwanza. Mgambo walikuja na moto kabla maharage hayajakauka. Baba aliingia kutoa mtama, wakamvuta nje kwa mguu na kumpiga rungu la goti, na goti lile halikukunjika tena maisha yake yote. Kaka alishikwa na watu wawili, uso ukiwa umegandamizwa chini. Mimi nilimrukia mmoja nikamuuma mkono mpaka damu ikanijaa mdomoni. Huwa nawatania wajukuu kwamba kwa kiapo cha kwetu mimi ni mnywanyi wa mgambo.

Huyo niliyemuuma tulimjua. Alikuwa mtoto wa jirani, mwoga wa hata jogoo wetu, aliyekulia uji wa mama yangu. Nyumba ilipokuwa inaanguka yeye alikuwa anafunga kamba ya kofia yake kidevuni.

Jioni ile tuliketi juu ya vyombo vyetu kandokando ya barabara. Kaka alikuwa na udongo kwenye nyusi. Akaniambia, "Umemwona? Ni yule yule mwoga wa jogoo. Kapewa gwanda tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na mimi nitatafuta la kwangu."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Lakini kaka hakuwa mtu wa hasira, mwenye hasira nilikuwa mimi, na zangu zilikuwa zinaisha. Yeye alilima, aliimbia ng'ombe, alicheka, na akawa anangoja.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na nane nduli akavamia kule Kagera. Kijiji kizima kilikusanyika penye redio, na vijana wakaanza kupiga mbinja na kuruka. Watu wakisimulia siku hizo leo, utafikiri kila aliyejiandikisha alikuwa anaipenda nchi hadi machozi. Walikuwapo wa namna hiyo, nami nawaheshimu. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule yetu, aliacha chaki mezani akaondoka. Lakini mimi niliwajua vijana wetu mmoja mmoja. Kulikuwa na aliyekuwa anamkimbia mke, na mwingine alisikia jeshini wanakula nyama kila siku. Yupo aliyetaka kuona treni. Na alikuwapo kaka yangu, ambaye alitaka kufundishwa bunduki na serikali, halafu vita vikiisha avuke mpaka nayo, akamtafute mtu wa viatu.

Alimwambia baba hivyo hivyo, bila kuficha, wakiwa zizini. Baba akamchapa kwa fimbo ya ng'ombe. Kaka alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na mabega ya kubeba magunia, lakini alisimama akapigwa mgongo, mikono, hata shingoni juu ya lile kovu la panga.

"Wale waliomuua baba yako nao waliwaaga wazee wao hivi hivi!" baba alikuwa anapiga kelele. "Unataka uwe nani wewe?"

"Data," kaka akasema, kwa neno letu la kumwita baba, "mimi nimeona watu wa namna mbili tu. Anayeshika bunduki na anayelazwa chini. Wa tatu nionyeshe, nitamfuata."

"Mimi hapa!"

"Wewe walikuvuta kwa mguu."

Baba akaitupa fimbo. Ndani, mama alimwambia jambo ambalo kila mtu wa nyumba ile alikuwa amelifikiria. Usajili ulikuwa wa wananchi tu. Kesho yake kule Kasulu mzazi alitakiwa kusimama na mtoto wake, mwenyekiti akiwa shahidi. Baba akisema tu kwamba huyu si wangu, ni Mrundi aliyekuja kwa miguu, kaka angerudishwa nyumbani na uhai wake ungebaki.

"Siwezi," baba akasema, mkono ukiwa tumboni.

"Basi nitasema mimi."

"Wewe ndiye uliyesaga ule unga, mama watoto. Umo ndani kama mimi."

Mama akageuka akachochea moto. Mimi nikiwa mlangoni nikajiangalia. Sikula damu ya mtu, sikusaga unga wowote, nilizaliwa yote yamekwisha. Nikaamua kwenda Kasulu.

Uwanja wa mpira ulijaa watu. Wafanyabiashara wa mjini, kanzu zao nyeupe, walikuwa wamesimama barazani mwa maduka wakitazama, na mama za hao vijana walikuwa wanauza karanga kama siku ya gulio. Sajini mmoja mnene alikaa kwenye meza ya shule. Zamu yetu ilipofika alimuuliza mwenyekiti kama kijana huyu ni wa kijiji chake, naye akasema ndiyo. Akamgeukia baba.

"Mzee, huyu ni mwanao?"

Baba alikuwa ameegemea fimbo kwa ajili ya goti lake. Najua kabisa kwamba hakutaka kaka aende. Akasema, "Ni mwanangu."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Si mtoto wake! Si ndugu yetu huyo, ni Mrundi, alitukuta hapa na kidonda chake! Muulizeni jina la baba yake!"

Uwanja wote ukageuka. Baba, ambaye hakuwahi kuniinulia mkono maisha yangu yote, alinipiga kofi nikaanguka, akaniongeza kwa fimbo nikiwa chini, mbavuni, mara nyingi, mpaka mwenyekiti akamshika. Nilikuwa nimeng'ata ulimi wangu na mdomo ulijaa damu. Lakini niliendelea kusema. Si wetu, si wetu.

Sajini alicheka. Alimwelekeza kaka kwenye mfuko wa mchanga, akamwambia akimbie nao hadi goli la mbali na kurudi. Kaka akaubeba begani palepale penye kovu, akakimbia, akaurudisha bila kuhema.

"Mwenyekiti amesema wake, mzazi amesema wake," sajini akasema. "Nimsikilize binti mwenye kelele? Panda gari."

Kaka alipita karibu yangu nikiwa bado nimekaa vumbini. Hakuniangalia. Lori likaondoka na barabara ya Kibondo, vijana wanaimba, na baba akabaki amesimama kwa mguu wake mmoja hadi vumbi likatulia. Tulirudi nyumbani kila mtu upande wake wa barabara. Nilikuwa namchukia kwa kiapo chake na yeye alikuwa ananiogopa, nadhani, kwa sababu nilikuwa nimesema neno ambalo yeye lingemuua.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata nikaolewa Kibondo, na fundi baiskeli, mtu mpole ambaye Mungu alimpa mke kama mimi kwa makusudi yake. Nyumba yetu ilikuwa karibu na njia ya kwenda hospitali, na malori ya askari yalipita hapo yakitoka kaskazini. Nilikuwa nayatazama kila moja.

Mwezi wa sita, mchana, nilikuwa uani napura maharage. Nimeyatandaza juu ya jamvi na kuyapiga kwa fimbo ndefu, mwili wote jasho. Kivuli kikaangukia jamvi. Nikainua kichwa nikaona buti, kisha gwanda, kisha yeye. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa yanazungukazunguka uani kama mtu anayetafuta mlango wa pili.

Sikujua nimsalimie vipi. Yeye akavua shati la gwanda, akachukua fimbo ya pili, akasimama upande wa pili wa jamvi na kuanza kupura pamoja nami. Tukapiga kwa zamu, yeye na mimi, kama tulivyokuwa tunafanya nyumbani. Alikuwa anapiga kwa nguvu mno, punje zinapasuka.

"Taratibu," nikamwambia, "unatusagia."

Akaendelea kupiga. Kisha akasema, "Nina likizo fupi. Nakwenda kwa Data. Lakini nimepita kwako kwanza, kuna jambo. Data siwezi kumwambia, unajua kwa nini. Wewe ulinikana mbele ya watu, ukakata kiapo. Kosa langu kwako halipiti."

Yaani alikuwa ameyatunza maneno yangu ya Kasulu miezi yote ile, na katika dunia nzima nilikuwa nimebaki mimi tu wa kuambiwa. Nikasema, "Sema."

Alisema mwanzo wa vita hakuwa na shaka lolote. Walipoingia Kagera walikuta watu wetu wamekatwa ndani ya nyumba zao, wazee, wanawake wenye mimba, na mbwa wamenenepa. Aliua siku zile, watu waliokuwa wanampiga risasi naye akawapiga, na akalala vizuri. "Nilijua kwa nini nipo pale," akasema. "Sikudanganyi, nilifurahi. Nilisema ningekuwa na hii bunduki mwaka ule, baba angekuwa hai."

Kisha walivuka mpaka, wakaingia nchi ya nduli. Adui alikuwa anakimbia, na askari wake wengi walivua magwanda na kujificha vijijini kama raia. Wakubwa waliwafundisha namna ya kuwatambua. Mtu aliyevaa buti miaka mingi, vifundo vyake havina nywele, na ngozi imekuwa ngumu hapo juu ya kisigino. Kaka akawa hodari wa kazi hiyo. Wakiingia kijijini yeye ndiye aliyekuwa anainamisha watu na kuwatazama miguu.

Katika kijiji kimoja chenye migomba mingi, kama kwetu, alisimama penye nyumba na kumwita mwenye nyumba atoke. Alimwita kwa adabu, ili asikimbie. Mtu akatoka, mtu mzima, mikono juu. Kaka akainama. Vifundo havikuwa na unywele hata mmoja.

"Nikamwambia wewe ni askari. Akasema hapana, hapana. Nikamwambia nimeshaona miguu yako. Tukamfunga mikono. Mwenzangu alisema tumsubiri mkubwa. Mimi nikasema wale hawakusubiri mkubwa." Alipiga maharage mara mbili, tatu. "Nilimlaza kifudifudi. Nikampiga kisogoni. Risasi moja, sikutumia nyundo."

Mke wa mtu yule alitoka ndani na kitu mkononi, akakitupa mbele ya kaka. Ilikuwa jozi ya gambuti. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa josho la ng'ombe. Miaka yote alishinda ndani ya gambuti, kwenye maji ya dawa, na dawa na mpira vilikuwa vimemnyonyoa miguu.

"Hakulia," kaka akasema. "Ningefurahi kama angelia. Aliwaita watoto wake watoke nyuma ya nyumba, akawapanga mbele yangu. Akawaambia, kwa lugha yao, lakini inafanana na yetu, nilisikia kila kitu. Akawaambia mtazameni vizuri huyu, mumjue. Mdogo alijificha nyuma ya nguo ya mama. Mkubwa hakujificha, alinitazama. Alianzia kwenye kofia akashuka hadi miguuni, akarudi usoni. Mimi nilijua anafanya nini, dada. Alikuwa ananihifadhi. Na mimi nilifanya hivyo hivyo kutoka kwenye shimo la ndizi."

Fimbo yangu ilikuwa imesimama. Kuku walikuwa wameingia kwenye jamvi na hakuna aliyewafukuza.

"Wewe husemi uongo," akaniambia. "Niambie. Kuna tofauti kati yangu na yule wa viatu?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta kweli. Nilitaka kumwambia kwamba yeye alikosea na yule alikusudia, kwamba vita vyake vilikuwa vya haki na vile vilikuwa vya mauaji. Yote hayo ni kweli hata leo. Lakini nilimwona mtu mwenye gambuti amelala kifudifudi kati ya migomba na sikuona kweli hizo zinamfaa nini. Nikainua fimbo ya kupuria nikampiga. Nilimpiga mabegani, mgongoni, kichwani, huku nalia na kumtukana yeye, na jeshi, na baba, na unga wa mtama, na yule mpumbavu aliyetaka viatu. Akasimama akapigwa, kama alivyosimama zizini. Damu ilimtoka juu ya sikio. Nilipochoka nikaketi kwenye maharage.

"Usirudi huko," nikamwambia.

"Nisiporudi watanifuata. Watakwenda kwa Data. Unataka wamvunje goti la pili?"

Nikamwosha kichwa. Nikampikia ugali na maharage yale yale, akala kwa mikono miwili, akamaliza chungu kizima. Mume wangu alirudi akatukuta hivyo, akaona damu, akaona fimbo, akachagua kwenda kumalizia kazi yake.

Kesho yake tukasafiri pamoja kwenda Munanila, mimi nikiwa na shauku ya kujua atafanya nini mbele ya baba. Baba alimpokea njiani, anachechemea mbio, ameshika fimbo hewani. Kijiji kilijaa uani. Mama alikuwa amechinja jogoo. Chungu kikawekwa kati yao wawili, baba akamkatia paja na kulisukuma upande wake. Kaka akasema tumbo linamsumbua. Kutwa ile hakugusa chochote, na siku iliyofuata akala kwa jirani, mbele ya macho ya watu. Baba akasema labda chakula cha jeshini kimemharibu mdomo. Alicheka alipolisema, lakini nilimwona akimtazama mama.

Siku ya kuondoka baba alivaa koti lake la kanisani. Alichukua kibuyu cha pombe ya mtama, akapiga funda moja, akamsogelea kaka ili ampulizie kifuani mate ya baraka, kama mzazi anavyomuaga mtoto anayekwenda mbali. Kaka akarudi nyuma. Baba akasogea tena, mashavu yamejaa. Kaka akavaa kofia yake, akabana miguu, akampigia saluti, ngumu na kali, kama anavyopigiwa mkubwa asiyejulikana. Kisha akageuka akaenda barabarani.

Vijana walipiga makofi. Mmoja akasema, "Ehe! Huyo sasa ni mwanajeshi, hataki mambo ya washamba." Baba alibaki na pombe mdomoni mbele ya kijiji kizima. Hakujua aiteme au afanye nini. Mwishowe akaimeza.

Kaka aliendelea na jeshi, akahamishiwa pwani, akaoa huko. Hakukanyaga tena nyumbani baba akiwa hai. Alikuwa anatuma nguo na sukari kupitia watu, na kuvuka mpaka kwenda kumtafuta mtu wake hakukutaja tena, kwangu wala kwa mwingine.

Baba aliishi miaka mingi na swali moja. Mimi niliyekuwa nasema kila kitu, niliyepiga kelele uwanja mzima, nilikuwa na jibu lake mdomoni na sikulitoa. Sikuwa naamini kiapo, siamini hata sasa. Lakini baba alikuwa anaamini, na ningemwambia, angelibeba lile jambo tangu saa ile, akamwona mtu wa josho kila akifumba macho. Kaka alikuwa amejinyima baraka ili baba alale. Nilikuwa nani nimwamshe?

Mara ya mwisho aliniuliza nikiwa namnywesha uji, hawezi tena kuinuka.

"Wewe ulimkana," akasema, "na kwako alikula, uliniambia mwenyewe. Mimi nilimkubali mbele ya serikali, akanisusa. Nilimkosea nini yule mtoto?"

"Hukumkosea kitu, Data."

"Umekuwa mwongo tangu uolewe," akasema, na akageuzia uso ukutani.